Kikwembe cha Mstari wa Mbele

Niseme wazi tangu mwanzo, kabla hamjasikia kutoka kwa watu wengine na chumvi zao: ndiyo, ni mimi. Mimi ndiye yule msichana wa staji aliyesimama mbele ya ukumbi mzima, na wakubwa wa mkoa, na mgeni wa Kinshasa, na kamera mbili za televisheni, akakiri kwa sauti ya kipaza sauti kwamba ameiba kikwembe, kitenge cha sherehe. Nimeona aibu, nimelia, nimekaa siku nne bila kutoka nje ya lango letu, na sasa nimechoka. Anayetaka kucheka acheke, lakini acheke na habari nzima, maana ile inayotembea sokoni kwetu, kwamba niliiba vikwembe thelathini nikaenda kuviuzisha, hiyo si yangu. Mimi nilichukua kimoja.

Naitwa Félicité, Féli kwa wanaonipenda, na Balozi kwa watu wa avenyu yetu huko Kenya (Kenya ya hapa Lubumbashi, kommuni, msinipeleke Nairobi). Jina la Balozi lilianza siku nilipoingia mwaka wa kwanza wa siasa na mahusiano ya kimataifa. Tangu hapo jirani akigombana na mke wake wananiita nikapatanishe, mbwa akimuuma mtu wananiuliza sheria ya kimataifa inasema nini. Mimi nilikuwa nacheka nao, lakini moyoni niliamini kabisa. Nataka kazi ya serikali, sitaki kujificha. Nataka kukaa siku moja kwenye meza ndefu, bendera ndogo mbele yangu, nikiongea kwa jina la nchi hii. Baba yangu alikuwa mtu wa reli, wa kutoka Kongolo, alikufa nikiwa sekondari, na aliyebaki kunisomesha ni mama, Mama Béa, ambaye anavuka mpaka na mama wenzake kuleta unga wa mahindi, ule wa bukari (ugali wetu), kutoka upande wa Zambia na kuuzisha sokoni. Mwaka wangu wa kwanza ni unga, wa pili ni unga, na huu wa tatu ni unga pia.

Sasa, mwaka wa tatu kuna staji, mafunzo ya kazi ofisini. Bila staji hakuna kutetea kazi yako ya mwisho mbele ya walimu, bila kutetea hakuna diploma, na bila diploma ule mkoba wa karatasi za kuomba kazi serikalini hakuna mtu atakayeufungua. Kila kitu kinakaa juu ya karatasi moja yenye sahihi ya mkuu wa ofisi na alama juu ya ishirini. Wenzangu wenye wajomba wakubwa walipata mahali wiki ya kwanza. Mimi niliandika barua kumi na moja, nikapata jibu moja, ofisi ya protokole, ya kupokea wageni wakubwa, ambayo sitaitaja jina, chini ya bwana ambaye sote tulimwita Direkta, mtu msafi, mkali, mwenye kalamu tatu mfukoni. Tulikuwa wanastaji wawili, mimi na Trésor, kijana mwenye adabu sana anayefanya unachomwambia kama ulivyomwambia, hapunguzi, haongezi. Kumbukeni hilo, maana ndilo lililonimaliza.

Ofisi ilikuwa inatayarisha siku kubwa ya mazungumzo juu ya biashara ya wanawake mpakani. Mgeni wa heshima alikuwa mshauri kutoka Kinshasa, mama mmoja mzito kwa cheo. Na kama mnavyojua, kwetu hakuna siku kubwa bila kikwembe chake. Kikapigwa chapa, kijani, na mchoro wa mikono miwili imeshika kikapu, na maandishi ya Kifaransa kuzunguka pindo. Vipande thelathini, kwa mama thelathini wa mistari miwili ya mbele, wake za wakubwa na mama wenye vyeo. Mimi ndiye niliyeandika majina yao juu ya vifurushi, kwa mwandiko wangu mzuri.

Direkta alikuwa na hofu moja. Siku nyingine ya nyuma kijana mmoja wa mlangoni alimwuliza mama mkubwa, "Wewe ni nani?", na yule mama akageuza gari akarudi kwake, na ofisi ikalipia maneno hayo miezi mizima. Kwa hiyo kwenye mkutano akatuuliza: tutawakalisha namna gani bila kuwauliza majina? Mimi nikanyoosha mkono (nimesoma kozi ya protokole, nilipata kumi na sita), nikasema kikwembe chenyewe ndicho karatasi ya mwaliko, mwenye kukivaa aende mbele bila swali hata moja, asiye nacho aanzie mstari wa tano. Direkta akaweka kalamu chini.

"Muliona?" akawaambia wengine (njo yetu ni ndiyo yenu). "Huyu njo diplomate. Trésor, andika vile."

Trésor akaandika vile. Mimi nilitembea siku tatu kichwa juu, hata mlinzi wa lango nilikuwa namsalimia Kifaransa.

Jumatano jioni nikabaki kupanga chumba, na ndani ya katoni nikakuta kifurushi kimoja kimebaki. Kilikuwa cha Madame mmoja, mke wa mkubwa wetu mmoja, ambaye alipigiwa simu mara mbili na hakutuma mtu. Dada wa mapokezi akapita, akaona, akasema vinavyobakiaka watu wa ofisi wanachukua, ndivyo ilivyo tangu zamani, ukikiacha mwingine atakibeba. Nikawaza Jumapili ya sikukuu ya mama wa parokia, nikawaza mama yangu ambaye tangu kilio cha baba anavaa kikwembe kilekile cha rangi ya udongo. Nikakitia ndani ya mkoba wangu. Siwezi kuwadanganya, nilijisikia vizuri kabisa.

Nyumbani nikamwambia mama kwamba ofisi wamenipa kwa sababu ninafanya kazi vizuri. Uongo wa kwanza. Akakishika, akakinusa, akakiweka shavuni.

"Na weye siku ile unafanya nini pale?" akaniuliza.

"Miye njo minapokea bakubwa bote," nikasema. "Hakuna muntu anaingia bila miye."

(Ukweli ni kwamba kazi yangu ilikuwa maji. Chupa, glasi na jagi la mezani. Lakini mtoto akitoka chuo kikuu hawezi kumwambia mama yake maji.)

Nikamwonya kwamba kikwembe ni cha kanisani, Jumapili tu. Akasema ndiyo. Asubuhi yake akakipeleka kwa fundi wa pembeni, na kwa sababu alimwambia ni kwa ajili ya Balozi, fundi akaacha kazi za watu wengine na kukimaliza siku ileile.

Alhamisi hiyo, saa nne, dereva wa Madame akafika ofisini kuchukua kifurushi. Kifurushi hakuna. Katoni ikapinduliwa, kabati zikafunguliwa, Direkta akawa anatembea kutoka dirishani hadi mlangoni na kurudi. Huo ndio ulikuwa wakati wa kusema. Nilikuwa na mdomo, nilikuwa na nafasi, ningesema Direkta samahani nilidhani hakina mwenyewe, angenifokea, ningekimbia Kenya kukileta, basi. Badala yake nikapiga magoti nikaanza kutafuta chini ya meza pamoja na wengine, na nilitafuta kwa bidii hivi kwamba Direkta aliguswa.

"Stagiaire, weye uko serious," akasema. "Fanya enquête, uniandikie ripoti."

Kwa hiyo nikachunguza kosa langu mwenyewe. Nikawauliza watu maswali, dada wa mapokezi nikamwuliza pia (alinitazama tu, hakunitaja, na mpaka leo namshukuru na kumwogopa), kisha nikaandika ukurasa mmoja wa Kifaransa safi wenye kuonyesha kwamba kifurushi hicho huenda hakikufika kutoka kiwandani. Direkta akaweka sahihi, akagonga muhuri, na dereva akampelekea Madame. Hiyo ndiyo karatasi yangu ya kwanza ya kidiplomasia iliyotoka na muhuri wa serikali, na ilikuwa uongo kutoka juu hadi chini.

Ijumaa. Ukumbi umejaa, watu kama mia mbili, fanfare ya vijana, tarumbeta na ngoma, inapiga pembeni mwa mlango, mstari wa mbele umekuwa kijani kitupu, na mimi nimevaa viatu virefu vya kuazima vinavyonibana, jagi mkononi. Kila kitu kilikuwa kinakwenda isipokuwa kiti kimoja, cha mstari wa kwanza, karibu kabisa na mgeni wa Kinshasa. Kiti cha Madame. Mnajua kwetu kiti kitupu mbele ni aibu ya nyumba nzima, kamera inakiona, kesho watu watauliza nani amekataa kuja na kwa nini. Direkta alikuwa anakitazama kile kiti kama jino linalouma. Mimi nikaenda jikoni kujaza maji. Niliporudi kiti kilikuwa kimepata mtu, na Direkta alikuwa anatabasamu.

Nikatazama mgongo wa yule mama. Mikono ya blauzi imefurishwa mabegani, kilemba kimefungwa juu, kikwembe kijani kinang'aa. Chini, sandali za plastiki za buluu. Sandali hizo nazijua. Zinalala karibu na mlango wetu kila siku.

Nilielewa baadaye ilivyokwenda. Mama alikuwa amefunga meza yake ya sokoni mapema ili aje kuona mtoto wake anavyopokea wakubwa. Alitaka kusimama nje kidogo, atazame, arudi. Lakini Trésor alikuwa mlangoni, akaona kikwembe, na kikwembe ni mstari wa mbele bila swali hata moja, amri yangu mwenyewe. Akamshika mkono kwa heshima zote akampeleka mpaka kwenye kile kiti, na mama yangu, ambaye alidhani ni mimi nimemtengenezea mambo, akakaa.

Sandali zilimtia Trésor wasiwasi. Akanifuata, akanikuta hatua mbili nyuma ya kiti, akaniinamia sikioni kuuliza kama namjua.

"Féli, ule mama wa mbele, unamuyua?"

Fanfare ilikuwa inapiga. Direkta alikuwa anatutazama. Nikaona ile karatasi ya staji, nikaona sahihi, nikaona kila gunia la unga.

"Hapana," nikasema. "Simuyue. Umuache tu, shi iko na kikwembe?"

Nikaendelea kumimina maji. Hilo ndilo ninalolionea aibu kweli, kama mlitaka kujua. Kikwembe ni kosa, ripoti ni dhambi, lakini neno lile ndilo linaloniamsha.

Basi dakika tano hazijapita, Madame akafika. Hana kikwembe, kwa hiyo amevaa nguo yake ya thamani, hereni, viatu, manukato. Na Trésor, mtoto mtiifu wa watu, akafanya jinsi ilivyoandikwa. Akamwuliza kikwembe chake kiko wapi. Madame akasema hakuletewa. Trésor akasema pole Mama, na akamkalisha mstari wa tano, nyuma ya mtu wa kamera, pembeni mwa nguzo. Niliona kutoka mbali jinsi Madame alivyokaa. Hakuegemea kiti. Alikaa wima akihesabu vilemba vya kijani, kimoja kimoja.

Nilijaribu kuokoa hali. Nikainama mbele ya mama na trei, nikajifanya namwekea maji, nikamnong'oneza atoke polepole kwa mlango wa pembeni. Mama akanitazama kwa utulivu sana.

"Banisema nikae hapa," akajibu, si kwa sauti ya chini. "Minakaa."

Mgeni wa Kinshasa akageuka akatutazama. Nikamimina maji mpaka yakamwagika mezani.

Hotuba ya kwanza ikaongea juu ya fursa. Ya pili ikaongea juu ya mtangamano. Ya tatu (hii niliipiga chapa mimi) ikaongea juu ya mwanamke wa mpakani kama nguzo ya maendeleo, kurasa sita, na nguzo pekee niliyoiona ni ile iliyomziba Madame. Kisha zamu ya mgeni. Alifunua faili lake, akalisoma kidogo, akalifunga. Huyo mama alizaliwa Bukavu, Kiswahili anakijua. Akamgeukia mama aliyekuwa pembeni yake, akamwuliza kwenye kipaza sauti, "Mama, weye mwenyewe unafanyaka biashara?"

"Ndiyo," akasema mama yangu. "Ya unga."

Ukumbi ukacheka kidogo, wakidhani ni mzaha wa mke wa mkubwa. Mgeni hakucheka. Akampa kipaza sauti.

Nilitamani sakafu ifunguke. Mama hajawahi kushika kipaza sauti, alikishika kwa mikono miwili, karibu na kidevu, akasimama.

"Miye ni Mama Béa," akasema. "Hapa mulisema maneno ya Français mingi, ingine sikusikia. Miye minauzishaka unga miaka kumi na tano. Kule mupaka tunashusha magunia mara mbili, upande huu tunashusha, upande ule tunashusha, na hakuna paa. Mvua ikinyesha, unga inakuwa bukari mbele ya kufika kwa sufuria. Hatuombe pole. Tunaomba paa. Mabati tu, na miti ine."

Nawaambia ukweli, mtu wa nyuma akapiga makofi, na wengine, na mgeni wa Kinshasa akatoa kalamu akaandika, mara ya kwanza tangu asubuhi. Hata mimi nilianza kujisikia kiburi fulani, nikasema moyoni atakaa sasa, itakwisha vizuri, hakuna atakayejua. Lakini mama hakukaa.

"Na mutoto yangu njo ule pale, na carafe ya maji," akasema, akaninyooshea kidole. Vichwa mia mbili vikageuka. "Félicité. Anasomaka politiki kwa université. Njo alinipatia hii kikwembe, aliitosha kwa kazi yake akaniletea."

Kamera zote mbili zikanijia. Mstari wa tano, pembeni mwa nguzo, mtu akasimama.

"Directeur," akasema Madame, na hakuhitaji kipaza sauti. "Nilipata ripoti yako jana. Ilisema kikwembe yangu haikufika."

Direkta alinifikia akiwa bado anatabasamu kwa ajili ya kamera, meno yamefungwa, maneno yakitoka katikati yake. Tulikuwa tumesimama karibu kabisa na mama.

"Stagiaire. Ule mama, unamuyua?" Halafu akashusha sauti zaidi, na hapa nimtendee haki, alikuwa ananifungulia mlango. "Sema haumuyue. Tumutoshe inje polepole, programme iendelee. Karatasi yako nitaiweka vizuri."

Mngefanya nini ninyi kama mngekuwa mimi? Msijibu haraka. Mimi nilikuwa tayari nimeshalitamka lile neno mara moja, nilijua lilivyo jepesi mdomoni. Nilimtazama mama. Hakuwa ananitazama mimi, alikuwa anatazama mbele, kipaza sauti kidevuni, anangoja. Hasira ikanipanda, sijui niseme ilikuwa juu ya nani, juu ya Direkta, juu ya viatu, juu ya kurasa sita za nguzo, juu yangu.

"Ni mama yangu," nikasema. "Kikwembe niliiba mimi. Na ripoti ya uongo niliandika mimi."

Nilidhani nimemwambia Direkta peke yake. Lakini kipaza sauti cha mama kilikuwa wazi, na maneno yangu yakaenda mpaka mlangoni, yakamkuta Trésor na vijana wa fanfare, na yakarudi.

Madame alikuwa ameshafika mbele. Akasema anataka kitu chake. Direkta akasema Mama, samahani, tutaangalia baadaye. Na mama yangu, bila kumngoja mtu yeyote, akamrudishia mgeni kipaza sauti, akafungua kile kikwembe cha juu (mnajua mama zetu wanavyovaa, kimoja cha chini na kimoja juu yake), akakikunja mara nne, kingo kwa kingo, kama anavyokunja magunia matupu, akakiweka juu ya kiti.

"Hii haikushonwa," akamwambia Madame. "Blouse na ya chini nitafumua, nitakuletea."

Akatoka kwa njia ya katikati, na sandali zake zikisikika hatua kwa hatua. Nikaweka jagi mezani, nikavua viatu vya kuazima, nikamfuata peku. Nyuma yetu nilisikia mshereheshaji akitangaza mapumziko ambayo hayakuwa kwenye programu.

Wiki iliyofuata nikaitwa kuchukua karatasi yangu. Sita juu ya ishirini. Mahali pa maoni Direkta ameandika kwamba mwanastaji hana hisia ya protokole. Hakunipigia kelele, alinipa mkono hata, na mimi nilimwomba msamaha kwa ripoti kwa sababu alitia sahihi akiniamini. Madame nilimwandikia barua ya kuomba msamaha, ukurasa mzima, bila uongo safari hii, na nikampelekea mwenyewe blauzi iliyofumuliwa pamoja na kile kipande cha chini, vimefuliwa na kupigwa pasi. Nimepoteza mwaka. Wenzangu watatetea, watamwagiwa poda kichwani na ndugu zao kwa shangwe, na mimi nitakuwa pembeni napiga makofi, nikiandika tena barua kumi na moja. Yote hayo nimeyakubali, nimeyatafuta mwenyewe.

Lakini kwa kile kiti siombi msamaha, na wasiningojee. Orodha ya wageni niliipiga chapa mimi, majina yote, na haikunijia hata siku moja kichwani kwamba kwenye siku ya biashara ya wanawake mpakani hakuna hata mwanamke mmoja wa mpakani. Mimi, ninayekula kwa huo mpaka. Watu mia mbili, mfanyabiashara mmoja, na huyo mmoja aliingia kwa sababu ya wizi wangu. Paa sijui kama litajengwa, sijaona hata bati. Ila wakinicheka kwamba nilimkalisha muuza unga karibu na mgeni wa Kinshasa, nawajibu hapohapo kwamba ni kazi pekee niliyoifanya sawasawa kwenye staji ile, na hata hiyo niliifanya bila kujua.

Imebaki ile Ijumaa yenyewe. Tulipofika nyumbani nilikuwa bado na hasira, na kwa sababu hasira yangu haikuwa na mahali pa kwenda, nikampelekea mama. Alikuwa amekaa juu ya stuli, wembe mkononi, ameshaanza kufumua mikono ya blauzi, uzi mmoja baada ya mwingine ili asikate kitambaa. Nikamwuliza kwa nini. Ulikuwa umeshasema ya paa, walipiga makofi, mgeni aliandika, kwa nini hukukaa, kwa nini ulitaja jina langu mbele ya watu wote?

Hakuinua kichwa.

"Ile saa kijana alikuuliza kama unaniyua," akasema, "nilisikia."

Nikasema fanfare ilikuwa inapiga.

"Ilikuwa inapiga. Nilisikia." Akavuta uzi, akauweka pembeni. "Shi weye njo ulinifasiria, kazi ya protokole ni kuonyesha bantu kwa bantu? Huyu ni fulani, huyu ni fulani. Bon. Weye ulikatala kunionyesha. Njo nilijionyesha miye mwenyewe."

Kisha akanipa mkono wa pili wa blauzi na wembe mwingine, tukafumua wote wawili, na hakulisema tena mpaka leo.

Nitarudia staji. Nitatetea, nitapeleka mkoba wangu wa karatasi serikalini, na wakiufunga nitaupeleka tena. Siibi tena, hata kalamu ya ofisi. Na popote nitakapofika, iwe ni kubeba maji, iwe ni ile meza ndefu yenye bendera ndogo, mtu akinionyesha mama yangu na kuniuliza ni nani, nitamjibu kabla hajamaliza swali.